"Hauna kitu": Tempels na Janzen wakisomwa na mgonjwa wa Kamina



Mlituomba kila mmoja aandike juu ya kitabu kilichogusa maisha yake. Wengi wameandika juu ya riwaya, na nimefurahi kuwasoma. Mimi naleta vitabu viwili ambavyo si riwaya. Nilivisoma kitandani, si kwa raha, bali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukaa kwenye kiti. Cha kwanza ni La philosophie bantoue cha Padri Placide Tempels, kilichotoka Élisabethville mnamo 1945. Cha pili ni The Quest for Therapy in Lower Zaire cha John Janzen, cha mwaka 1978, ambacho nimekisoma katika tafsiri ya Kifaransa. Kimoja kilizungumza juu ya watu wa kwetu, kingine juu ya watu wa Bas-Congo. Vyote viwili vinajaribu kusema Mwafrika hufanya nini anapougua. Nataka kuvipima kwa kipimo kimoja tu: vinamsaidia nini mtu ambaye ugonjwa wake haujulikani?

Nauliza kwa sababu mtu huyo ni mimi.

Ilianza mwaka 2016, nikiwa mwalimu wa sekondari. Asubuhi vidole havikunjiki, nashika chaki kama mtu aliyevaa glovu. Jioni homa ndogo inapanda, usiku jasho linalowesha shuka, kesho yake naamka mzima kabisa na majirani wananiuliza kama jana nilikuwa nacheza teatre. Nikikaa juani uso unawaka na ngozi inabadilika. Nywele zikatoka. Halafu miezi miwili hakuna kitu, unasema Mungu asifiwe imeisha, na ghafla inarudi.

Kituo cha kwanza walipima malaria, wakaikuta. Nikanywa dawa. Kituo cha pili walipima Widal, ikatoka chanya. Nikanywa dawa ya tifoidi. Kituo cha tatu walikuta vyote viwili. Kwa miaka mitatu nilitibiwa malaria na tifoidi mara nyingi mpaka muuza dawa wa sokoni alikuwa ananiandalia kifurushi kabla sijafungua mdomo. Wale mliosoma tiba mnajua tatizo. Katika nchi kama yetu vijidudu vya malaria vinaweza kukutwa katika damu ya mtu ambaye anaumwa kitu kingine kabisa. Na Widal ni kipimo cha tangu 1896. Kinaweza kutoka chanya kwa sababu ya ugonjwa wa zamani, au kwa sababu nyingine isiyo tifoidi. Kwa hiyo kipimo kinaweza kusema kweli na bado kisiseme kwa nini vidole vyangu havikunjiki.

Halafu siku moja vipimo vyote vilitoka safi. Munganga (kwetu daktari na muuguzi wote ni munganga) akasukuma karatasi mbele yangu akasema: "Mama, hauna kitu. Njo mambo ya mafikiri. Uende upumuzike, ukule muzuri."

Nilirudi nyumbani na neno hilo: hauna kitu. Jioni ile homa ikapanda kama kawaida. Na ni hapo ndipo Tempels alipoingia katika nyumba yetu.

*

Baba mudogo wangu ni mtu wa kusoma. Alikuwa katekista, na wazazi wake walikuwa wa Jamaa. Kwenye rafu yake kuna Biblia, kamusi, na Tempels ya Présence Africaine yenye jalada lililoshikwa kwa gundi. Siku niliporudi na "hauna kitu" alikuja na kitabu mkononi. Akaniambia: "Mwana, lopitalo imemaliza kazi yake. Hii si bugonjwa ya lopitalo. Kuko mutu eko nakula nguvu yako. Si miye nasema, ata mon père alishaiandikaka."

Kwa wasiomjua: Tempels alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906, akawa Mfransisko, akafika Kongo mwaka 1933, akafanya kazi katika misheni za nchi ya Baluba, upande wetu huu wa Katanga. Kitabu chake ni kidogo, ila kimebeba hoja kubwa. Anasema kwamba kwa Mbantu kuwepo ni kuwa na nguvu. Nguvu hiyo ya uzima inaweza kuongezeka au kupungua. Ugonjwa, uchovu, huzuni, kuonewa, hata kudharauliwa, vyote ni kupungua. Baraka, dawa, neno la mkubwa, ni kuongezeka. Na nguvu hazikai kila moja peke yake kama viazi kwenye gunia, zinagusana. Mtu anaweza moja kwa moja kumwongezea mwenzake uzima au kumpunguzia.

Niseme kwanza kile ambacho Tempels alikiona vizuri, maana wakosoaji wake wengi hawakuwahi kulala na homa Kamina. Alisikiliza maneno. Alikuta kwamba kufwa katika Kiluba si lazima iwe "kufa" kama Mzungu anavyofikiri. Kuna kufwa kwa viwango, na kiwango cha mwisho ndicho kinachomaliza kabisa. Mtu aliyepatwa na msiba au ugonjwa anaambiwa wafwa ko, na padri anaeleza kwamba anayesema hivyo hatabiri kifo: anakiri kwamba uzima wa mwenzake umepungua. Wenye Kiluba humu mnalijua neno hilo tangu mkiwa wadogo.

Sasa liweke neno hilo karibu na "hauna kitu". Munganga aliangalia karatasi akaona sifuri. Mama yangu aliangalia uso wangu akasema wafwa ko. Nani kati yao alikuwa amenipima? Kwa habari hii Tempels alinipa heshima ambayo labo haikunipa: alinipa lugha ambamo mtu anaweza kuwa amepungukiwa hata kama hakuna kilulu kilichoonekana. Sitamsahau kwa hilo.

Ila kitabu hakikuishia katika kunipa heshima. Kilienda mpaka nyumba ya nyuma, alikokuwa anakaa Kambo.

*

Kambo alikuwa shangazi ya baba, mjane, bila mtoto aliye hai, akiishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu. Ndiye aliyekuwa ananikanda vidole na mafuta ya mawese asubuhi. Baba mudogo alinipeleka kwanza kwenye nyumba ya maombi. Pale mchungaji alisema anaona mwanamke mzee aliye karibu na kitanda changu. Nani mwingine alikuwa karibu na kitanda changu?

Walimwita sebuleni. Hakulia, hakukasirika. Alisema hivi, na nilisikia nikiwa nyuma ya pazia: "Kama ni miye, sijue vile nilifanya."

Miaka mingi sikuelewa kwa nini hakukana. Siku niliposoma Tempels mwenyewe, si kwa mdomo wa baba mudogo, nilikuta ukurasa unaoeleza. Katika sura ya maadili Tempels anatofautisha aina za kudhuru: kuna mwenye nia mbaya kabisa, kuna aliyechokozwa akakasirika, na kuna yule anayedhuru bila kujua, bila kukusudia, kwa sababu tu nguvu yake imekaa vibaya na nguvu ya mwingine. Kambo hakusoma kitabu chochote. Ila aliishi ndani ya wazo hilo, na ndani yake hakuna mlango wa kutokea. Ukikana, unakana kitu ambacho hata wewe mwenyewe usingekijua. Ukikubali, umekubali.

Alipelekwa kijijini upande wa Kabongo, "apumuzike kidogo". Akafa kule mwaka 2019. Vidole vyangu viliendelea kukaza asubuhi, safari hii bila mtu wa kuvikanda.

Kwa hiyo ninapomkosoa Tempels sifanyi mchezo wa chuo. Hoja yangu ya kwanza ni hii: katika kitabu chake, kwa jinsi nilivyomsoma, simwoni mgonjwa. Kuna Muntu, kwa herufi kubwa. Simwoni mtu mmoja anayefuatwa tangu alipougua, akaenda kwa fulani, mpaka akapona au hakupona. Paulin Hountondji alimlaumu, yeye na wafuasi wake, kwa kutupa falsafa ambayo kila mtu anayo na hakuna mtu mmoja aliyeifikiri. Fabien Eboussi Boulaga alishamchambua mwaka 1968 kwa ukali zaidi. Mimi naongeza langu dogo: alitupa pia ugonjwa ambao kila mtu anao na hakuna mtu mmoja anayeumwa. Na pasipo mgonjwa mmoja, hapana shaka. Baluba wa Tempels hawabishani. Nyumbani kwetu tulibishana usiku kucha! Mama alisema twende Lubumbashi. Yaya wangu alisema tuuze baiskeli kwanza. Baba mudogo alisema ni bure. Mama alimwuliza: "Kama Kambo eko nanikulia mwana, kwa nini anamukanda?" Swali hilo la mama ni falsafa kabisa, lakini katika kitabu halina nafasi.

Hoja ya pili: kitabu hakikuandikwa kwa ajili yetu. Tempels mwenyewe anasema anawaandikia wakoloni wenye nia njema, ili wajue jinsi ya kumwongoza Mweusi. Aimé Césaire aliona mapema, mwaka 1950, hatari ya heshima ya namna hiyo: unamsifu mtu falsafa yake huku mgodi na ardhi vinabaki kwako. Mudimbe, mtoto wa Likasi, alikuja kutuonyesha mwaka 1988 jinsi maarifa ya aina hiyo yalivyoitengeneza Afrika ya kwenye karatasi. Kilichonishtua mimi ni kitu rahisi zaidi. Kitabu kilichoandikwa ili Mzungu atuelewe, baba mudogo alikisoma kana kwamba ni ushuhuda wa mababu. Alikuwa na mababu wake hai pale pale uani, akawasahau, akamwuliza padri.

Haki itendeke lakini. Tempels hakubaki pale alipokuwa mwaka 1945. Kitabu kilimletea shida na Monsenyeri de Hemptinne, akarudi Ubelgiji kwa miaka kadhaa, na aliporejea Katanga alianza kusikiliza zaidi kuliko kufundisha. Jamaa ilizaliwa katika kusikiliza huko, kwa Kiswahili chetu, na maneno yake makubwa yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Angalia: neno la kwanza ni uzima, ambalo kwetu ni afya na uhai na ukamilifu kwa mara moja. Lakini sasa uzima si sheria ya nguvu kubwa kubana nguvu ndogo. Ni kitu ambacho watu wawili wanapeana wakionana. Kama baba mudogo angeshika Tempels wa Jamaa badala ya Tempels wa rafuni, pengine angemwuliza Kambo swali jingine.

*

Janzen nililetewa na mwenzetu wa chuo aliyejua nateseka. Alisema: "Soma hiki, utacheka." Sikucheka, ila nilikaa kitako.

Janzen ni Mmarekani, mwanaanthropolojia. Mwaka 1969 alikuwa Manianga, upande wa Luozi, kaskazini ya mto Kongo, akifanya kazi pamoja na daktari, Arkinstall. Hakuanza na sheria za nguvu. Alianza na wagonjwa. Anamfuata mgonjwa kutoka nyumbani mpaka dispensari, kutoka dispensari mpaka kwa nganga, kutoka kwa nganga mpaka kwa nabii, halafu tena hospitali, na kila hatua anauliza: nani ameamua twende huku?

Hapo ndipo penye mali ya kitabu. Jibu lake ni kwamba mara nyingi anayeamua si mgonjwa, wala si daktari. Ni kikundi cha ndugu, hasa wa ukoo, wanaokaa pamoja, wanapima maneno ya kila mtaalamu, wanahesabu franga, wanabeba mgonjwa. Wao ndio wanaoushikilia ugonjwa, tuseme hivyo. Niliposoma hilo niliona sebule yetu: watu watano kwenye viti, taa ya simu mezani, na mimi nyuma ya pazia nikisikia wanavyonipanga kama mzigo unaongoja treni.

Anaeleza pia tofauti ambayo sisi sote tunaijua: ugonjwa wa Mungu na ugonjwa wa watu. Wa Mungu ni ule unaokuja tu, unatibika, hauna lawama. Wa watu una mtu nyuma yake. Tempels angelifanya hilo kuwa kanuni. Janzen anaonyesha kwamba ni njia. Homa ile ile inaweza kuanza ikiwa ya Mungu, na ikikataa dawa, au ikikuta ndugu wana ugomvi, inageuka kuwa ya watu. Maana yake nini? Maana yake tofauti hiyo haimo ndani ya mwili wa mgonjwa. Imo katika mazungumzo ya watu walio karibu naye. Na kitu kilichomo katika mazungumzo kinaweza kubishaniwa, kucheleweshwa, kurudishwa nyuma. Kama wakati ule ningejua hilo, ningetoka nyuma ya pazia.

Ila Janzen naye nina deni naye. Kwanza, ameeleza vizuri kwamba ndugu wanachukua uamuzi kwa sababu mgonjwa amedhoofika. Sawa. Lakini kwa jinsi nilivyomsoma, ukimya wa mgonjwa unakuwa ukimya wa kitabu pia. Ndugu nawasikia, nganga namsikia, daktari namsikia. Yule anayeamka saa nane za usiku akijigusa kama bado ana homa, namsikia kidogo mno. Na mgonjwa wa muda mrefu si sawa na mgonjwa wa siku tatu. Mimi sikuwa dhaifu kila siku. Kuna wiki nilifundisha masaa ishirini. Hata wiki hizo mazungumzo yalifanyika nyuma ya pazia.

Pili, kikundi cha ndugu kinamlinda mgonjwa, ni kweli. Bila yaya wangu kuuza baiskeli nisingefika popote. Lakini kikundi hicho hicho ndicho kilichomtoa Kambo. Janzen anajua magomvi ya ukoo, anayaeleza. Ila macho yake yako kwa mgonjwa na safari yake. Yule anayeangukia pembeni ya barabara ili mgonjwa aendelee mbele hapati sura yake. Ningetaka kitabu kimfuate na yeye mpaka Kabongo.

Tatu, na hii ndiyo kubwa. Wasomi waliomfuata Janzen walipenda sana kusema Waafrika wana "wingi wa tiba": wanatumia hospitali, nganga na maombi kwa pamoja, ni utamaduni wao. Nakubali nusu. Nusu nyingine naikataa. Mimi nilizunguka sehemu tisa si kwa sababu ninapenda wingi. Nilizunguka kwa sababu hakuna sehemu hata moja iliyokuwa na kipimo kilichotakiwa. Mtu anayetafuta maji katika visima tisa vikavu, usiseme ana utamaduni wa visima. Mambo mengine tunayaita imani ya watu, kumbe ni ukosefu wa labo.

*

Mtaniambia: ni kisa chako tu. Basi tutoke Kamina twende Kwango.

Mwishoni mwa 2024, katika zone ya afya ya Panzi, jimbo la Kwango (si hospitali ya Panzi ya Bukavu), watu walianza kuugua homa, kikohozi, maumivu ya kichwa na mwili. Kati ya tarehe 24 Oktoba na 5 Desemba Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 406 na vifo 31, wengi wakiwa watoto, na utapiamlo ulikuwa mwingi. Magazeti ya dunia yakaupa jina la kutisha: "ugonjwa X". Ulikuwa wakati wa mvua, njia mbovu, na sampuli zilipaswa kusafiri mamia ya kilomita mpaka labo. Za kwanza zilipopimwa, kumi kati ya kumi na mbili zilikuwa na malaria. Baadaye ilielezwa kwamba ulikuwa mchanganyiko: malaria, virusi vya njia ya pumzi, na miili iliyokosa chakula.

Soma habari hiyo ukiwa na vitabu vyetu viwili mkononi. Tempels angesema miili ile ilipungukiwa nguvu, na kwa njia fulani angekuwa sawa: mtoto mwenye njaa anauawa na homa ambayo mtoto aliyeshiba angeishinda. Lakini kilichopunguza nguvu ile si bibi wa jirani. Ni sahani tupu na barabara. Janzen angetuonyesha familia zikihangaika kutoka mlango hadi mlango, na angekuwa sawa pia. Lakini hakuna kati yao anayetufundisha jambo ambalo Panzi inatufundisha: kwamba "haijulikani" mara nyingine haina maana kwamba ugonjwa ni wa ajabu. Ina maana kwamba labo iko mbali.

Na pale pale Kwango kuna mfano mwingine wa zamani zaidi. Kuna ugonjwa unaopooza miguu kwa ghafla, unaowapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, wakati chakula kingine hakuna. Madaktari wa dunia nzima leo wanauita konzo. Neno hilo halikutoka Brussels wala London. Ni neno la Wayaka wenyewe, na daktari wa kikoloni, Trolli, aliliandika mwaka 1938. Sababu yake ilikuja kueleweka vizuri miaka zaidi ya arobaini baadaye. Chikungunya nayo ni neno la Wamakonde, la homa iliyowakunja watu huko Tanganyika mwaka 1952. Maana yake wagonjwa walishajua kwamba hiki ni kitu kimoja, kina umbo lake, si malaria, si uvivu, si mafikiri. Walikipa jina bila kumtafuta wa kumlaumu. Walianza kwa kuangalia mwili unafanya nini: miguu imefungwa, mgongo umekunjwa. Hiyo ni sayansi, ndugu zangu, na ilifanywa na watu wasio na labo.

Hicho ndicho nakikosa katika vitabu vyote viwili: mgonjwa anayeangalia, anayehesabu, anayelinganisha. Tempels alimpa nguvu bila akili ya kwake. Janzen alimpa ndugu.

*

Mwaka 2022 nilifika Lubumbashi, kwa treni, na safari ile nitaieleza siku nyingine. Daktari mmoja kijana alinisikiliza muda mrefu. Nilikuwa na daftari la shule ambamo nilianza kuandika kila siku: saa ya homa, vidole vipi, jua, hedhi, chakula. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Akasema anashuku mwili wangu unajipiga wenyewe, kwamba kuna magonjwa ya namna hiyo, yanakuja na kwenda, na yanawapata zaidi wanawake. Kipimo cha kuthibitisha kinatumwa nje na bei yake ni dola ambazo sikuwa nazo. Alinipa vidonge vya viungo, akaniambia nijifunike juani, nirudi. Nilipomwuliza jina la ugonjwa, alisema: "Mama, hatuyajua bado."

Nililia, na si kwa huzuni. Kati ya "hauna kitu" na "hatuyajua bado" kuna umbali mkubwa kuliko Kamina na Lubumbashi. Neno la kwanza linafunga mlango wa hospitali na kunisukuma kwenye nyumba ya maombi. La pili linaacha mlango wazi. Vipimo vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni sentensi. Na sentensi haihitaji dola, wala haihitaji labo mpya. Munganga yeyote wa kituo chochote anaweza kuisema kesho asubuhi.

Niliporudi nilimweleza baba mudogo. Alikaa kimya. Halafu akauliza, polepole: "Basi, tulimufukuza bure?"

Sikumjibu siku ile. Sikuwa na jina la kumwonyesha, na mpaka leo sina. Vidole vinakunjika vizuri zaidi, homa inakuja mara chache, basi. Nilifikiri nahitaji jina kwanza ndipo nimtetee Kambo. Sasa naona nilikosea, na naona ni kosa ambalo Tempels alinifundisha na Janzen hakulisahihisha: kwamba pasipojulikana lazima mtu apajaze. Hatukuhitaji kujua ninaumwa nini ili Kambo abaki nyumbani kwake. Ilitosha kusema: hatuyajua bado.

Hukumu yangu basi. Anza na Janzen, hasa kama unamuuguza mtu, maana kitakuonyesha kikundi chako mwenyewe kikiwa mezani. Ukikimaliza, mtoe mgonjwa nyuma ya pazia umpe kiti. Tempels msome baadaye, ukiwa na kalamu, na ukifika kwenye ile sura ya maadili simama, fikiria mwanamke mzee mmoja unayemjua kwa jina, halafu endelea. Kitabu cha tatu, kile ambacho mgonjwa wa kwetu anaandika mwenyewe, bado sijakiona. Daftari langu limefika ukurasa wa mia mbili.

Baba mudogo ameniazima Janzen. Bado hajarudisha.

Karibuni kwa maoni, hasa ninyi mlio wauguzi na madaktari. Mkitaka kunipinga juu ya Widal, nipingeni na hoja.